Malimi Alirudi Bila Sura Zetu

Mdogo wangu Malimi alikuwa fundi baiskeli pale Bariadi, karibu na soko, na kama uliishi mji ule miaka ya tisini huenda alikuzibia pancha. Kibanda chake kilipakana na changu cha chai na maandazi. Natangulia kusema hivyo ili ujue kwamba habari zake sikusimuliwa. Nilikuwa pale pale, mimi na mdomo wangu, ambao watu wa Bariadi wanaufahamu vizuri.

Tulizaliwa Lalago, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba. Kifafa kilimwanza mdogo sana, baada ya homa iliyomlaza hajitambui mpaka ikatafutwa sanda ya kumzikia. Hakufa, ila tangu hapo akawa anaanguka. Kabla ya kuanguka alitulia, akatazama pembeni, akasema taratibu, "Haya yalishatokea." Ungekuwa unachambua mchicha, kuku anapita, yeye anakwambia yalishatokea, mchicha ule ule na kuku yule yule. Kisha macho yanageuka. Mpaka leo mtu akiniambia jambo limeshatokea, nywele zinanisimama.

Watu walimkimbia. Kwetu iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umekipata. Malimi alikuwa na bakuli lake na kikombe chake, na siku aliyoangukia motoni shangazi yetu alisimama mlangoni akipiga kelele badala ya kumvuta. Nilimvuta mimi. Mkono wake wa kulia ukabaki na kovu, na mimi nikabaki na chuki kwa shangazi ambayo sikuificha hata msibani kwake.

Mektilda tulimpata shambani. Alikuja na vijana wa Lagangabilili kutusaidia kupalilia, wanaimba na kurusha majembe, mara Malimi akaanguka katikati ya mistari ya pamba. Wote wakatimka, na nyimbo zao na vifua vyao vipana. Yule binti peke yake akakaa chini, akaweka kichwa cha mdogo wangu juu ya kanga yake, akangoja. Malimi alipofumbua macho aliutazama uso wake muda mrefu, akamuuliza jina. Akaambiwa.

Basi ikawa ndivyo. Hata baada ya ndoa, kila alipoanguka Mektilda alikaa kichwani pake. Malimi alikuwa akifumbua macho hajibu mtu, hajui jua wala kivuli, anazungusha macho tu akitafuta. Akiupata uso ule, anasema, "Mektilda." Hapo sisi sote tulishusha pumzi, tukasema, "Amerudi." Hatukusema amepona wala ameamka. Tulisema amerudi, na neno hilo lilikuja kututesa.

Wakahamia Bariadi mjini, nami nikawafuata nilipofiwa na mume. Ilikuwa wakati soko limefunguliwa. Chama cha ushirika kilibaki na maghala ya popo, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, kila mmoja na lugha yake na miwani yake ya jua. Mitumba ikamwagika chini mnadani kama takataka, na watu wakaigombania. Baiskeli ziliongezeka, kazi ya Malimi ikanoga, lakini kifafa nacho kikanoga. Alianguka sokoni, akaanguka kisimani, na mara moja akaanguka mbele ya lori la pamba ambalo dereva wake alilikwepesha likavunja kibanda changu. Nilimshukuru Mungu na kumtukana dereva kwa pumzi moja.

Sista mmoja daktari wa misheni ndiye aliyesema kuna upasuaji Nairobi. Parokia ilichanga, na mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino, barabara zikiwa bado zimechimbika, mimi na Malimi tukasafiri. Mektilda alibaki na shamba.

Huko hawakumpasua mtu hivi hivi. Walimpiga picha za kichwa, wakambandika nyaya, wakamwonyesha michoro ya funguo, mbuzi na kofia wakimwuliza hiki nini. Daktari mkuu alikuwa Mkenya mrefu, mpole. Nilimwuliza bila aibu, "Mnamkata mtu ubongo. Akiamka atakuwa nani?"

Hakukasirika. "Mama," akaniambia, "fikiria nyumba ambayo mwenye nyumba ameugua miaka mingi. Watu wake hawakai na njaa. Mmoja ameshika kupika, mwingine kuteka maji, mwingine shamba. Ubongo nao hufanya hivyo. Sehemu iliyougua tangu utotoni, kazi zake nyingi zimeshahamia kwa wengine. Tunachotafuta ni kama ipo kazi ambayo yule mgonjwa bado anaifanya mwenyewe."

"Na msipoiona?"

"Tutaijua siku atakapokuwa hayupo," akasema.

Kisha kikaja kipimo ambacho sitakisahau. Walipitisha dawa kwenye mshipa, ikalaza nusu moja ya ubongo kwa dakika chache, nusu ya pili ikabaki macho. Waliniingiza chumbani na joho la kijani na kitambaa mdomoni, kwa sababu hapakuwa na mwingine anayejua Kisukuma, na walitaka kujua lugha zote mbili zinakaa wapi. Walipolaza upande wa kulia, mkono wake wa kushoto ulianguka kitandani kama si wake. Lakini aliongea. Nikamsalimu, "Mwangaluka," akaitika vizuri. Akamtaja mbuzi, akataja funguo.

Wakasubiri dawa iishe, siku nyingine wakalaza upande wa kushoto. Hapo Malimi akawa bubu. Nikamsalimu, kimya. Nikamwita jina lake, kimya, kana kwamba jina ni la mtu mwingine. Nikashindwa kuvumilia, nikateremsha kile kitambaa. Akauona uso wangu. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akanyoosha mkono wa kushoto, akanishika shavu. Hakuwa na neno hata moja, lakini alinijua, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Daktari alifurahi. Maneno yote yako kushoto, alisema, na ugonjwa uko kulia, kwa hiyo tunaweza kukata. Nami nikafurahi, nikamwimbia Bikira Maria wodini mpaka nikanyamazishwa. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba walichokiondoa kilitoka kwa yule bubu aliyenishika shavu.

Malimi alipoamka baada ya upasuaji mimi nilikuwa tayari nabishana na muuguzi, naye akasema kutoka kitandani, "Dada Martha, acha ugomvi." Nikalia kwa furaha. Hakuanguka tena. Tulipewa vidonge vya kuendelea navyo kila asubuhi kwa muda usiopungua miaka miwili, na daktari akanishika bega akasema, "Vidonge visikatike hata akijisikia mzima. Na sura za watu huenda zikamsumbua kidogo mwanzoni." Nilisikia habari ya vidonge. Ya sura niliiacha Nairobi.

Mektilda alitungoja stendi ya Bariadi na gauni jipya. Akatukimbilia. Malimi akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyesimama mbele ya duka, akasema, "Habari za hapa."

"Malimi!" akaita mkewe.

Aliposikia sauti akashtuka, akamkumbatia kwa nguvu. "Kumbe ni wewe." Mektilda alicheka, lakini nilimwona akiushika upindo wa gauni lake na kuufinya.

Tukasema ni uchovu. Haukuwa uchovu. Alimpa mtu baiskeli isiyokuwa yake, kwa sababu mtu yule alivaa shati la kijani kama la mwenyewe. Kinyozi alipomnyoa akamshikia kioo, Malimi akakitazama kwa huruma akauliza, "Na huyu jamaa naye alipasuliwa wapi?" Kinyozi akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi niliyekuwa na sahani ya maandazi mlangoni sikucheka. Macho aliona vizuri, hata sindano iliyoanguka mchangani aliiona. Aliona pua, akaona mdomo, akaona macho ya mtu. Ila havikukaa pamoja vikawa mtu fulani.

Wakati wa zamani angeweza kututambua kwa nguo. Mtu alikuwa na kanga mbili na gauni la kanisani, ukiona kanga umemwona mwenyewe. Lakini sasa palikuwa na Uledi, mfanyabiashara wa mitumba, ambaye kila wiki alifungua furushi jipya, na wanawake wa Bariadi walibadilika rangi kama vinyonga. Nguo ya jana imevaliwa na jirani. Malimi alijifunza watu asubuhi, jioni wakawa wengine.

Ndipo likatokea la mama mkwe. Kwetu Wasukuma mama wa mkeo humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unamwachia njia, unasimama pembeni kwenye nyasi, unageuza uso mpaka apite. Mama wa Mektilda, Kwandu, alikuwa mjane mkali wa Lagangabilili, daima na kaniki yake nyeusi. Siku hiyo mnadani Uledi alimshawishi akanunua koti la njano la kizungu lenye vifungo vikubwa. Malimi akapita, akaona mama mzee ndani ya koti, akamwendea moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkazia macho usoni akicheka. "Bibi, koti hili umemvua nani?"

Mnada mzima ukageuka kutazama. Hata Uledi, asiyekuwa Msukuma, alijua kuna kitu kimevunjika. Kwandu alijifunika uso kwa mikono ya lile koti, akaondoka.

Malimi alipoambiwa nusura aumwe. Tangu siku hiyo alimwachia njia kila mwanamke mtu mzima. Kila mmoja! Anasukuma baiskeli ya mteja, anaona gauni mbele, anaingia mtaroni na baiskeli yake, anageuza uso. Watu walikufa kwa kicheko. Walisema mji mzima umemwoza. Mjane mmoja aliyekuwa anatafuta mchumba alimfokea, "Mimi mama mkwe wako tangu lini?" Nami nilicheka, nisiwadanganye. Kisha nilimwona siku moja akimwachia njia Mektilda, mkewe, aliyemletea chakula. Alisimama mtaroni na uso wake ukutani, na wifi yangu akabaki katikati ya njia na lile bakuli.

Kicheko kilikoma chenyewe. Malimi aliacha kututazama. Ukija anainamisha kichwa, anasikiliza. Na akaanza kutujua tena, lakini kwa namna iliyotutia baridi. Uko mbali, nyuma ya ukuta wa duka, hujamwona wala hajakuona, unasikia, "Karibu, dada." Alijua ndala za nani zinapita, baiskeli ya nani inateremka, nani kabadilisha viatu na nani mkewe anaumwa. Ile kazi iliyokosa mwenyewe kichwani mwake ilikuwa imepata mtu mwingine wa kuifanya, na huyo aliifanya kupita kiasi. Mimi aliniambia ananijua kabla ya hatua, kwa sababu mdomo wangu unafika mapema kuliko miguu.

Athanasi, mpiga kengele wa kanisa, alipita asubuhi moja akimsalimu. Malimi akainua kichwa. "Mguu wako wa kushoto unachelewa kufika chini. Nenda hospitali." Athanasi akarusha mguu hewani kama mcheza ngoma, akacheka, akaenda zake. Haukupita muda akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukafa.

Baada ya hapo watu walianza kuvua ndala wakikaribia kibanda. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima, wengine na mikoba ya ofisini, wakipita peku mbele ya fundi baiskeli wasisikike. Kazi ikapungua. Na mimi, dada yake niliyemvuta motoni, kuna siku nilijikuta nakanyaga taratibu.

Jambo lililotuvunja nguvu lilikuwa la uani. Alasiri moja tulikaa nyumbani kwao tukimenya karanga, mimi, Mektilda na yeye. Malimi akaacha kumenya.

"Nani anazunguka nyumba?"

Tukasikiliza. Kuku tu. Nikatoka, nikazunguka nyumba nzima, hakuna mtu.

"Amepita dirishani," akasema niliporudi. "Anakwenda jikoni. Sasa amesimama."

"Ni nani?" Mektilda akauliza.

"Ni mtu ninayemjua sana." Akafumba macho. "Anatembea kama nilivyokuwa natembea mimi kabla ya Nairobi."

Karanga zilimwagika mapajani mwa wifi yangu. Nilimgombeza Malimi, nikasema ni mwangwi, ni panya, ni dawa. Nilisema mengi kwa sababu nilikuwa naogopa. Siku nyingine akamsikia tena, na nyingine tena, daima akizunguka, haingii.

Mektilda akampelekea mama yake habari hiyo, na Kwandu, ambaye tangu aibu ya mnadani hakukanyaga kwetu, akaja. Alikaa jikoni, mlango umerudishiwa ili mkwe asipite akamwona. Aliniita.

"Martha, nisikilize. Kila alipoanguka huyu, alikuwa anakwenda. Kila alipoamka, alikuwa anarudi, na mwanangu ndiye aliyekuwa anampokea. Ni uongo?"

"Si uongo, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Safari hii wamemlaza wao kwa dawa, mwanangu hayupo kichwani pake. Wamefungua, wamefunga. Wamemfungia nje. Huyu aliyeko humu ni mwili unaokula ugali, mwenyewe anazunguka ua." Akaniangalia machoni. "Mwanangu aliolewa na yule wa nje. Pamba ikishauzwa namchukua."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Nairobi hawafungi milango, wanashona ngozi, na kwamba kama ni mambo ya kufungiwa nje basi angefungiwa yeye na koti lake. Lakini nilipolala maneno yake yalilala na mimi. Nilikuwa nimeliona lile jicho la Nairobi lililonijua bila maneno, na tangu tulipovuka mpaka kurudi sikuliona tena.

 Mektilda alimpenda mumewe, msidhani vinginevyo. Alimpenda hadi akawa anaamka kabla yake akae karibu na uso wake, ili akifumbua macho aanze na yeye. Malimi alifumbua macho, akasubiri mkewe aongee. Kila asubuhi alikuwa mwanamke asiyejulikana mpaka aseme neno. Aliniambia, "Wifi, nimechoka kujitambulisha kwa mume wangu." Hawakujaliwa mtoto. Uso ule uliopatikana shambani ndio uliokuwa mali yake yote ya ndoa.

Kitu alichokifanya nilikuja kukijua baadaye, lakini nakisema hapa ili kisikupotee. Aliificha ile chupa ya vidonge ndani ya gunia la mtama. Akanunua dukani vidonge vya maumivu ya kichwa, vyeupe, vya duara, karibu sawa na vile. Kila asubuhi alimpelekea mumewe kimoja na kikombe cha maji. Wazo lilikuwa la mama yake: aanguke mara moja tu, ili yule wa nje apate mlango wake wa kawaida, na Mektilda awepo kichwani kumpokea. Akisharudi, vidonge vitaendelea. Daktari hakuwaambia wao kwamba vidonge vikikatika mtu anaweza kuanguka asiinuke. Aliniambia mimi, nami sikuwa nimemwambia mtu kwa sababu nilijua vidonge vinamezwa.

Siku ilipofika tulikuwa uani, jua limesimama, tunachambua pamba kabla ya kuipeleka kwa wanunuzi, safi huku na fifi, ile yenye uchafu, kule. Kwandu alikuwa amekuja kuhesabu siku zilizobaki amchukue binti yake, amekaa nyuma ya jiko na kutugeuzia mgongo. Malimi alikuwa amepiga magoti mbele ya lundo. Mkono wake ukasimama hewani na konzi ya pamba.

"Haya yalishatokea," akasema.

 Tangu Nairobi sikuwa nimeyasikia maneno hayo. Kisha akaanguka, kichwa kwanza, ndani ya lundo jeupe. Alitikisika pamba ikaruka, ikamwingia puani na mdomoni, nami nikaifukua kama mbwa huku nikipiga kelele, nikamgeuza ubavu. Alikuwa ameuma ulimi. Ile pamba safi yote ikapata damu. Akatikisika, akatikisika, akakawia kuliko alivyowahi kukawia zamani, midomo ikageuka rangi ya majivu, nikasema moyoni basi, huyu leo nazika. Mektilda alikuwa kichwani pake, amekiweka kwenye kanga yake, machozi yanamdondokea mumewe usoni. Kwandu alikuwa amekuja. Alisahau kila mwiko wa dunia, akasimama juu yetu amemtumbulia macho mkwe wake.

Ikakoma. Akaanza kukoroma, kisha kupumua. Tukangoja. Mektilda akaweka kidole mdomoni kutuonyesha tusitoe sauti, na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilinyamaza nilipoombwa.

Malimi akafumbua macho. Akayazungusha, kama zamani, anatafuta. Akaniona mimi, akanipita. Akamwona Kwandu, akampita. Akafika kwa Mektilda, na hapo macho yakasimama. Alimtazama. Wifi yangu aliinama karibu kabisa, mdomo umefunguka, uso wake wote ukimwomba. Malimi alimtazama macho, akashuka kwenye pua, akashuka kwenye mdomo, akarudi juu, polepole, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine. Kuku walipita. Hakusema kitu. Kisha akayaondoa macho, akayapeleka kwenye ukuta.

Mektilda aliingiza mikono chini ya kichwa chake, akakilaza juu ya pamba kwa uangalifu mkubwa, akainuka. Akageuka kwenda ndani. Nilijua anakwenda kufunga nguo zake.

Hatua ya kwanza, hatua ya pili.

"Mektilda," akasema Malimi.

Akasimama.

"Umenijua kwa miguu," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo." Ulimi wake ulikuwa umevimba, maneno yalitoka mazito. "Na kidonge cha asubuhi si chenyewe. Nacho nimekijua kwa miguu. Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unakuja kitandani kama mtu anayebeba uji wa moto."

Ndipo nami nikaelewa, na nikashika kichwa.

"Mbona ulimeza?" Sauti ya Mektilda haikusikika vizuri.

"Na mimi nilitaka kuiona sura yako."

 Mektilda akageuka. "Umeiona?"

"Hapana," akasema Malimi. Alilia, machozi yakaingia masikioni kwa jinsi alivyolala. "Nimetafuta. Haipo. Na yule unayemngoja huko nje hatakuja, Mektilda. Ni sauti ya kichwa changu tu, inamtafuta kama wewe. Nipo mimi. Basi."

Kwandu alijifunika kaniki usoni, akasema kwa Kisukuma, si kwa mtu yeyote, kwamba alikuwa karibu kumuua mtoto wa watu. Akakaa chini kwenye pamba fifi. Hakumwambia binti yake aondoke, wala hakumwambia abaki.

Mektilda aliingia ndani. Tulisikia gunia likiburutwa, mtama ukimwagika sakafuni. Sikujua atatoka na nini, na nilikuwa tayari kumzuia mlangoni, kumpigia magoti, hata kumtukana. Akatoka na ile chupa ya Nairobi mkono mmoja na kikombe cha maji mkono mwingine, akavua ndala, kisha akazivaa tena. Malimi akafumba macho ili amsikie akija. Alikuja wazi wazi, akikanyaga kwa nguvu, akapiga magoti, na mdogo wangu akafungua mdomo, akameza.